Waya Ulitangulia, Gesi Ikafuata: Siri ya Kuta Zetu Dodoma

Leo mastaa tunawapumzisha kidogo, tuongelee kuta za nyumba. Usicheke, soma kwanza.

Kuna dada mmoja jirani yetu huku Ilazo, jina tuliache. Asubuhi moja kaingia jikoni, harufu ya gesi imejaa. Mdogo wake kashanyoosha mkono awashe taa. Dada akapiga kelele: "We, usiguse swichi!" Wakafungua milango na madirisha, wakafunga mtungi uliokuwa nje, wakakaa uani mpaka harufu ikaisha. Fundi alipofungua ukuta wa jipsamu, akakuta bomba la gesi limeungwa mle mle ndani, na maungio yanavuja. Soketi ya friji iko kiganja kimoja tu pembeni!

Tumefikaje hapa? Wazee wetu wa Kigogo walijenga tembe: miti, fito, udongo, na paa bapa la udongo. Ukuta haukuficha kitu. Moto ulikaa kwenye mafiga, kila mtu anauona. Zikaja nyumba za tofali, waya wa umeme ukafichwa kwenye plasta. Halafu 2016 serikali ikasema sasa inahamia Dodoma kweli, ingawa uamuzi ulikuwepo tangu 1973. Mji ukajaa majengo, na zikaja kuta za jipsamu zenye fremu na uwazi katikati. Mkaa nao ukaanza kupisha mtungi.

Kwa Wazungu mambo yalianza upande wa pili. London, taa za gesi ziliwaka mtaa wa Pall Mall mwaka 1807, umeme wa majumbani bado kabisa. Umeme ulipokuja, kuna nyumba waya ulipitishwa ndani ya mabomba ya zamani ya gesi. Sisi fundi gesi anakuja mwisho, anakuta waya asioulaza yeye na asiouona.

Na gesi ikikutana na cheche haina msamaha. Tarehe 18 Machi 1937, kwenye shule ya New London, Texas, gesi ilivuja ikajikusanya chini ya sakafu. Enzi hizo ilikuwa haina harufu. Mwalimu akawasha mashine ya umeme ya kupiga msasa, shule ikalipuka. Walikufa karibu watu 300, wengi wao watoto. Ile harufu mbaya unayoisikia leo inawekwa makusudi ili ikuamshe.

Kwa hiyo ukijenga, zingatia haya. Bomba likipita ndani ya ukuta liwe zima, maungio yabaki nje yanapoonekana. Uingereza wanataka bomba liwe sentimita 15 kutoka soketi au swichi. Lipitishe ndani ya bomba jingine kubwa lililo wazi kwa nje, ili gesi ikivuja isijae ukutani. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inashuka chini, hivyo acha tundu la hewa karibu na sakafu. Na piga picha ukuta kabla haujafunikwa, maana kuna siku utataka kutoboa utundike TV.

Mtungi wa dada yule sasa una bomba la nje ya ukuta. Anasema halipendezi, ila analala.

Kwako bomba limepita wapi? Tiririka hapo chini.