Ruta yako: ijisasishe yenyewe au uisasishe kwa mkono?

Agosti 2022, intaneti ya kasi ya TTCL ilifika kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwenye Mlima Kilimanjaro. Huku chini, kuanzia Moshi mjini hadi Machame, Marangu na Rombo, ruta, yaani kile kisanduku kinachosambaza Wi-Fi, imeingia madukani, shuleni na majumbani. Wengi wakishaifunga hawaigusi tena.

Kwa nini isasishwe?

Ndani ya ruta mna programu inayoiendesha. Programu hiyo huwa na kasoro, na wahalifu wakizigundua hupenya. Aprili 2018, kampuni ya MikroTik ya Latvia ilitoa marekebisho ya kasoro moja kubwa. Miezi kadhaa baadaye, maelfu ya ruta ambazo hazikusasishwa zilikutwa zimetekwa, zikitumika kuchimba sarafu za kidijitali bila wenyewe kujua. Dawa ilikuwapo, ila wenye ruta hawakuitumia.

Ikijisasisha yenyewe

Faida yake ni kwamba husahau. Hatari ni tatu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ruta inaweza kufa kabisa. Bando linaweza kuliwa bila wewe kujua. Tena sasisho lenyewe linaweza kuwa bovu: Julai 19, 2024, sasisho moja la kampuni ya CrowdStrike, lililojipakia lenyewe, liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani. Hizo hazikuwa ruta, lakini funzo ni lile lile.

Ukisasisha kwa mkono

Unachagua saa, na unaweza kusubiri siku chache uone kama wengine wamepata matatizo. Lakini ni rahisi kusahau, na ukipakia faili la aina nyingine ya ruta unaweza kuiua.

Ufuate njia ipi?

Ruta ya nyumbani iache ijisasishe, na kama inaruhusu, ipangie saa za usiku. Ruta inayotegemewa na watu wengi, kama ya zahanati au wakala wa fedha, isasishe kwa mkono, lakini weka siku maalumu kila mwezi. Likitoka onyo la kasoro ya hatari, usingoje siku hiyo.

Kabla ya kuanza:

- Hifadhi nakala ya mipangilio ya ruta.
- Soma namba ya modeli iliyobandikwa chini yake, na uchukue faili kwenye tovuti ya mtengenezaji tu.
- Iunganishe na betri ya sola au chanzo kingine kisichokatika. Usiizime mpaka imalize.
- Badilisha nenosiri lililotoka nalo kiwandani.

Kama ruta ulipewa na kampuni ya intaneti, waulize kwanza nani anaisasisha. Na kama mtengenezaji ameacha kuitolea masasisho, hakuna njia itakayoisaidia: anza kuweka akiba ya kununua nyingine.