Panya Buku: Wazo Lililozaliwa Ubelgiji, Likakomaa Morogoro

Kwa mkulima, panya buku ni mharibifu wa mazao anayestahili mtego. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), mkoani Morogoro, mnyama huyo huyo hufundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kubaini kifua kikuu.

Wazo hilo ni la Bart Weetjens, raia wa Ubelgiji aliyefuga panya tangu utotoni. Katika miaka ya 1990, akitafuta njia nafuu ya kuondoa mabomu barani Afrika, alisoma kuhusu wanyama wa jamii ya panya waliofundishwa kutambua harufu ya vilipuzi. Ufugaji wa panya haukuwa jambo jipya, wala tatizo la mabomu. Jipya lilikuwa kuviunganisha. Shirika la APOPO lilianzishwa mwaka 1997, na mwaka 2000 likahamishia mafunzo SUA, ambako tayari walikuwapo watafiti wa panya na ambako panya buku ni mwenyeji.

Panya huyo ana uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja, hivyo halipui bomu analolikanyaga. Aidha, hufuata harufu ya kilipuzi pekee, ilhali kifaa cha kutambua chuma hulia kwa kila msumari na kopo lililofukiwa. Mafunzo huchukua takriban miezi tisa: kila anapopatia, husikia mlio mfupi, kisha hupewa chakula, mara nyingi ndizi. Panya waliofuzu walifanya kazi nchini Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa imemaliza kuondoa mabomu yaliyojulikana.

Swali la pili lilizaliwa humo humo kazini: ikiwa pua hiyo hutambua kilipuzi, je, haiwezi kutambua ugonjwa? Sampuli za makohozi zilizokwisha kupimwa katika vituo vya afya hupashwa joto ili kuua vimelea, kisha panya huzinusa. Hupitia sampuli 100 kwa takriban dakika 20, kazi inayoweza kumchukua mtaalamu wa maabara siku kadhaa kwa hadubini.

Panya hatoi jibu la mwisho. Sampuli anayoitilia shaka hupimwa upya maabara, na ikithibitika, mgonjwa hutafutwa alipo. Wapo walioanza dawa kwa njia hiyo baada ya kurudishwa nyumbani wakiambiwa hawana kifua kikuu, huku wakiendelea kukohoa miongoni mwa watoto wao.