Njuga za Mcheza Ngoma: Mwanamume, Redio na Televisheni

Mtu atakaye kuandika historia ya ngoma katika mji wa Dar es Salaam hana budi kuanza na uwanja. Wimbo waweza kuimbwa ndani ya chumba, na ala yaweza kupigwa chini ya mti. Lakini mchezaji ahitaji ardhi ya kukanyaga na watu wa kumzunguka. Katika Ilala ardhi hiyo ilikuwapo. Kariakoo, ambayo jina lake lilitokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ilijaa vijana waliotoka kila pembe ya nchi kutafuta kazi bandarini, katika reli na katika nyumba za wakubwa. Mbele yake ulikuwapo uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao watawala waliuacha wazi ili uutenge mji wa Waafrika na mji wa Wazungu na Wahindi. Kila kijana alikuja na ngoma ya kwao miguuni.

Habari za vijana hao si chache. Nyimbo zao zimeandikwa, na vyama vyao vimechunguzwa na mabingwa wa historia. Lakini ukiuliza hasa walichezaje, yaani waliweka mguu gani mbele, waliinama kiasi gani, waligeuka kwa pigo la ngapi, utaona kwamba jibu ni haba mno. Jambo hilo ndilo nitakalo kulizungumza hapa: jinsi sauti ya ngoma yetu ilivyohifadhiwa na mwili wa mchezaji ukaachwa, na jinsi televisheni, iliyotazamiwa kuurudisha mwili huo, ilivyouleta vipande vipande.

Tuchukue beni kwanza, kwa kuwa hapana ngoma iliyompa mwanamume wa mjini fahari kuliko hiyo. Beni ilianza katika pwani ya Kenya, huko Lamu na Mombasa, kwenye miaka ya 1890, na jina lake latokana na bendi za Kizungu. Dar es Salaam ilikuwa na pande mbili kubwa zilizoshindana, Marini na Arinoti. Marini walijiona ndio waungwana, na wengi wao walikuwa makarani na watu waliosoma kidogo; Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi za mikono na wageni waliotoka bara. Kila upande ulikuwa na vyeo vyake vya kijeshi na vya kifalme, mavazi yake rasmi, na gwaride lake la kwenda mguu kwa mguu. Karani aliyeinamia daftari la Mzungu juma zima aliweza siku ya ngoma kuwa jenerali, naye alitembea kama jenerali.

Watu wengi huisoma beni kama mzaha wa kuwaiga Wazungu. Mimi naona wamekosa jambo moja. Kuiga gwaride ni rahisi. Kuligeuza gwaride likawa ngoma ni kazi ya fundi, maana askari hufundishwa kuua wasaa wa mwili wake, na mcheza beni alilazimika kuurudisha wasaa huo bila ya kuvunja mstari. Kwamba watu waliupenda ufundi huo kwaonekana katika safari yake. Askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 waliichukua beni mpaka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na huko ikazaa mganda na malipenga; na katika migodi ya shaba ya Zambia vijana walicheza kalela, ambayo ni mjukuu wa beni, wakiwa wamevaa nadhifu kama waendao ofisini. Ngoma ilivuka mipaka kwa miguu ya wanaume, bila kitabu wala filamu.

Beni ilififia, na dansi likashika nafasi yake. Katika miaka ya 1950 ukumbi wa Arnautoglu, hapo hapo Mnazi Mmoja, ulikuwa mahali ambapo kijana wa mjini alikwenda na suti yake. Ndipo tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipohutubia akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akashangaa kwamba wengi walijua rumba, chachacha, hata waltz na foxtrot, ilhali wachache tu walipata kuicheza au hata kuisikia gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Baada ya hapo kikaundwa kikundi cha ngoma cha Taifa. Wachezaji wa kiume wa makabila mbalimbali waliwekwa pamoja, wakafundishana, na ngoma iliyokuwa ya kijiji ikapandishwa jukwaani. Sindimba ya Wamakonde, ambayo asili yake imefungamana na mafunzo ya jando na unyago, ikawa kama ngoma ya kila Mtanzania. Waliofurahi walikuwa wengi. Waliosema kwamba kiuno kimebaki na maana imepotea walikuwapo pia, nao hawakukosea sana.

Lakini ni nani aliyeitangaza ngoma hiyo kwa Taifa zima? Redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na kufikia mwaka 1965 idhaa hiyo ilikwisha kuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo studio zake zilikuwa katika Barabara ya Pugu, leo Barabara ya Nyerere. Watumishi wake walikwenda mikoani na mitambo ya kunasia sauti, wakakusanya ngoma kwa bidii ambayo hatujaishukuru vya kutosha. Pasipo kazi yao tungekuwa leo mabubu. Hata hivyo kinasa sauti ni mtumishi mwenye masikio asiye na macho. Alimpokea manju, akampokea mpiga ngoma na waitikiaji, na mcheza ngoma akabaki nje ya mlango.

Hakubaki nje kabisa, lakini. Msikilizaji makini akisikiliza ngoma za zamani husikia, chini ya wimbo, mlio wa njuga. Hizo ni njuga zilizofungwa miguuni mwa mchezaji. Katika msewe, ngoma ya wanaume iliyotoka Pemba, jina lenyewe la ngoma ni jina la kile kifungwacho kifundoni kitoacho mchakacho kila mguu ushukapo. Basi katika kanda hizo njuga na msewe ndiyo sahihi ya mwanamume aliyecheza. Hatujui uso wake, lakini twaweza kuhesabu hatua zake. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Hapa mambo yamekwenda kinyume: mvumo umedumu, na asiyedumu ni mchezaji.

Televisheni ilitazamiwa kuliponya jambo hili. Zanzibar ilitangulia, ikaanzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe. Bara ilingoja. Serikali ya Mwalimu iliona kwamba televisheni ni anasa kwa nchi maskini, chombo cha kuwafurahisha wachache wa mjini. Stesheni za kwanza, zilizokuwa za watu binafsi, zilianza mwaka 1994, na televisheni ya Serikali ikafuata mwishoni mwa muongo huo. Kwa hiyo miaka yote ya kikundi cha Taifa, na miaka ya 1980 ambamo vikundi kama Muungano vilijaza kumbi za Dar es Salaam kwa ngoma, sarakasi, maigizo na taarabu, ilipita bila televisheni ya Bara kuwapo kuyaona.

Nayo ilipokuja, ilimtazama mcheza ngoma vipi? Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam umo katika wilaya ya Ilala, na hapo ndipo mtazamaji wa kawaida amezoea kuwaona wachezaji. Mgeni mashuhuri ashuka, akagua gwaride, asimama mbele ya ngoma. Kamera yamfuata mgeni. Wachezaji waonekana nyuma ya bega lake kwa muda mfupi, na juu ya ngoma yao yapita sauti ya msomaji wa habari atajaye cheo cha mgeni na madhumuni ya safari yake. Hata njuga, ambazo redio ilituachia, hapo hazisikiki.

Ngoma ipewapo kipindi chake yenyewe huwa kuna taabu nyingine. Chukua bugobogobo ya Wasukuma, ngoma iliyotokana na vikundi vya vijana waliolima pamoja. Wanaume hucheza kwa mstari wakiwa na majembe. Huinama, hukanyaga kwa pamoja, na jembe hurushwa juu likadakwa bila pigo la ngoma kupotea. Mpiga picha hupenda jembe likiwa hewani, kisha mhariri hukata, akatuonyesha mkono uliokwisha kudaka, kisha uso wenye jasho, kisha mama mmoja katika watazamaji apigaye vigelegele. Picha zote ni nzuri. Lakini ustadi wa mchezaji umo katika muda ulio baina ya kurusha na kudaka, na miguu iliyofanya kazi wakati jembe likiwa juu. Na muda huo ndio uliokatwa. Mtazamaji hawezi hata kuapa kwamba mkono uliodaka ni wa mtu yule yule aliyerusha.

Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili darasani. Achague ngoma yoyote iliyoonyeshwa, awaambie wanafunzi wahesabu ni mara ngapi waliona miguu ya mchezaji ikigusa ardhi huku kichwa chake kikionekana pia.

Isidhaniwe kuwa ni ngoma ya Mwafrika tu iliyofikwa na haya. Wazungu wanayo ngoma yao ya heshima, baleti, ambayo ina kanuni kali kama za gwaride. Ilikuwa hapo kwanza ngoma ya wanaume wa jumba la mfalme; Louis XIV wa Ufaransa aliicheza mwenyewe, na mwaka 1661 akaanzisha chuo cha kuisimamia. Baadaye, katika karne ya 19, mwanamke akashika mbele, na mwanamume akawa kama nguzo ya kumnyanyulia. Aliyemrudisha mwanamume katikati ya jukwaa ni Vaslav Nijinsky, aliyeustaajabisha mji wa Paris kuanzia mwaka 1909 kwa miruko yake. Filamu zilikwisha kuwapo wakati huo. Lakini hakuna filamu ijulikanayo inayomwonyesha Nijinsky akicheza. Zimebaki picha zisizotembea na maneno ya waliomwona. Yu katika hali ile ile ya mcheza beni wetu, naye hana hata njuga.

Katika filamu za Marekani za miaka ya 1930 alitokea mchezaji aliyeutambua ugonjwa huu. Fred Astaire, ingawa hakuwa mtu wa baleti, alishikilia kwamba kamera imwonyeshe mwili mzima, toka kichwa hata viatu, na kwamba picha isikatwe ovyo. Hakuwa na imani na mkasi wa mhariri, na naona alikuwa na haki.

Kuna pia upofu usiotokana na mkasi. Mwaka 1955 Arthur Mitchell, Mwamerika Mweusi, aliingia katika kundi la New York City Ballet. Mwaka 1957 mtunzi George Balanchine alimpa nafasi ya kucheza na mwanamke wa Kizungu, Diana Adams, katika baleti iitwayo Agon. Jukwaani walishangiliwa. Lakini dansi lile la wawili halikuonyeshwa katika televisheni za biashara za Marekani hadi mwaka 1968, kwa sababu stesheni za majimbo ya kusini hazikukubali kumwonyesha mwanamume mweusi akimshika mwanamke mweupe. Mwaka 1969 Mitchell alianzisha kundi lake, Dance Theatre of Harlem, apate kuwafundisha vijana wa mtaa alikokulia.

Karibu na kwetu yuko Joel Kioko, kijana wa Kenya aliyekulia Kuwinda, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, akafundishwa baleti papo hapo Nairobi, kisha akaenda kusoma katika English National Ballet School, London. Kamera za dunia zilimjia kwa wingi. Katika habari nyingi zilizoandikwa na kuonyeshwa, mabati ya nyumba yao yalitangulia, na miguu yake ikafuata. Sisemi kwamba umaskini ufichwe. Nasema tu kwamba kijana aliyejifunza kuruka na kutua bila kishindo alistahili mtazamaji ambaye kwanza atautazama mruko.

Kwetu mwanamume ana kizuizi cha zaidi. Bendi za dansi za miaka ya 1990 na 2000, kama African Stars maarufu kwa jina la Twanga Pepeta, zilikuwa na wanenguaji, na kamera ikapenda viuno vya wanawake. Kijana wa kiume aliyecheza jukwaa lile lile alionekana kama kivuli. Wazee wengi wa mjini wakapata kuamini kwamba kucheza kwa riziki si kazi ya mwanamume, jambo ambalo Marini na Arinoti wasingelielewa hata kidogo. Hali hiyo huwarudi wanafunzi wa kiume wa chuo cha sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981: nyumbani huulizwa wanasomea nini hasa, na jibu la ngoma halitoshi.

Siku hizi kila mtu ana kamera katika simu, na mdundiko wa Wazaramo upitapo mtaani hunaswa na mikono kumi. Picha hizo ni nyembamba na zimesimama wima kama mlango. Mchezaji mmoja huingia, na jirani yake hutoka. Afadhali hata hizo, maana mara nyingi hazikatwi.

Lakini kama idara yenye kamera ya kweli itapenda kuiweka ngoma ya wanaume kwa ajili ya watoto watakaozaliwa, mahali pa kuisimamisha panajulikana tangu zamani. Ni pale anapowekewa mzee kiti: mbali kidogo, ukingoni mwa duara, macho yakiwa sawa na viuno vya wachezaji, na mavumbi yaonekane chini ya picha. Mzee hainuki kwenda kumchungulia mchezaji usoni. Hukaa hapo ngoma ikianza mpaka ikiisha, na siku ya pili aweza kukuambia ni nani aliyekosea hatua.