Mafumbo ya Namba na Elimu ya Kufikiri Katika Usukuma

Maganzo ni mji mdogo wa Wilaya ya Kishapu, kando ya barabara itokayo Shinyanga kwenda Mwanza. Jirani yake ni Mwadui, ambako John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alivumbua almasi mwaka 1940. Almasi huuzwa kwa karati, na karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Asiyejua kupima na kulinganisha hulipwa kwa hesabu ya mwenziwe. Kwa hiyo namna mtoto wa madarasa ya chini afundishwavyo hesabu si jambo dogo. Je, afundishwe jawabu tu, au na sababu ya jawabu?

Mafumbo ya hesabu hayakuletwa Usukuma na shule. Wasukuma wana isolo, mchezo wa jamii moja na bao la Pwani. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana mashimo 16, na kete zote ni 64. Anayetia kete moja moja hujifunza, bila kuambiwa, kwamba kete 16 zikizungushwa pasipo kusimama, ya mwisho hurudi katika shimo lilelile zilimotolewa, na ya 17 hupita shimo moja mbele. Hiyo ndiyo hesabu ya baki, nayo hufanywa kichwani kabla mkono haujagusa ubao. Mchezaji hodari hahesabu yaliyopo tu, bali hujiuliza: nikifanya hivi, litafuata nini?

Fumbo jingine lilifika Pwani pamoja na elimu ya Kiislamu, nalo ni mraba wa namba uandikwao katika hirizi. Namba 1 hadi 9 hupangwa katika nyumba tisa, hata kila safu, kila mstari wa wima na kila mshazari ulete jumla moja. Elimu hiyo ilienea mbali katika Afrika: Muhammad ibn Muhammad, mwanachuoni wa Katsina aliyefariki Cairo mwaka 1741, aliandika kitabu juu yake. Mwenye hirizi aliutaka mraba kwa baraka. Mwalimu aweza kuutaka kwa hoja. Namba zote tisa jumla yake ni 45, na safu ni tatu; basi kila safu hapana budi iwe 15. Mistari minne hupita katika nyumba ya katikati, na jumla yake ni 60. Katika hiyo 60 kila namba imehesabiwa mara moja, ila ya katikati imehesabiwa mara nne. Ziada ya 15 ni ya nyumba hiyo mara tatu. Basi ndani yake mna 5. Tena 1 haiwezi kukaa pembeni, kwa kuwa nyumba ya pembe imo katika mistari mitatu, na jozi ziletazo 14 ni mbili tu: 5 na 9, 6 na 8. Mtoto aliyefika hapo hakubahatisha, amethibitisha.

Uthibitisho huu hubebwa na lugha, na hapo ndipo wataalamu wa Kiswahili wahusikapo. Kwa watoto wengi wa Maganzo lugha ya nyumbani ni Kisukuma. Katika namba zenyewe lugha hizi mbili ni ndugu: sita, saba na tisa za Kiswahili zatoka Kiarabu, lakini mtandatu na fungate za kale zafanana na itandatu na mpungate za Kisukuma, na kenda ingali ikisikika katika zote mbili. Ugumu hauko katika majina ya namba, bali katika maneno yaungayo hoja. Mwanafunzi hana budi kupambanua “huenda ikawa 5” na “hapana budi iwe 5”. “Namba yoyote” na “kila namba”. “Ni mara tatu ya” na “imezidi kwa tatu”. Asiyepambanua haya aweza kujumlisha vema na bado asiweze kufikiri kwa namba.

Historia ya shule yaonyesha jinsi sababu ilivyopotea mara kwa mara. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe kutunga vitabu vya hisabati mpya kwa ajili ya Afrika, navyo viliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1967 John Gay na Michael Cole walitoa kitabu juu ya Wakpelle wa Liberia. Walionyesha kwamba watu wasiosoma waliweza kukadiria kiasi cha mchele kuliko Wamarekani waliosoma, ilhali watoto wao walishindwa darasani. Mwaka uo huo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania. Mlango ulifunguka, lakini mtihani uliufunga nusu: mwaka 2012 maswali ya hisabati ya kumaliza elimu ya msingi yakawa yote ya kuchagua jawabu, hata baadaye machache ya kuonyesha njia yakarudishwa. Mahali pa kuchagua herufi, sababu haina pa kuandikwa.

Fumbo hurudisha sababu kwa gharama ndogo. Mizani ya mikono miwili na mawe ya uzani wa 1, 3 na 9 vyatosha kupima kila uzani kamili tangu 1 hadi 13. Ili kupima 5, jiwe la 9 huwekwa upande mmoja, na la 3 na la 1 upande wa pili pamoja na kitu chenyewe. Fumbo hili lilijulikana Ulaya tangu zama za kati. Kwa mtoto wa Maganzo, aonaye mizani ya wanunuzi wa almasi, si geni hata kidogo. Mwalimu asimwulize tu ni mawe mangapi. Amwulize kwa nini 14 haipimiki, na amwache aeleze kwa Kiswahili kamili mpaka wenzake waridhike. Anayeweza kueleza hivyo darasani ataweza pia kumwuliza mnunuzi swali mbele ya mizani.