"Come-we-stay": Nani Alisema "Njoo"?

Wasee, leo tuongelee neno la Kiingereza ambalo Mwingereza hakulitengeneza. Mwaka 2022 kamusi ya Oxford iliongeza maneno kadhaa ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, na "come-we-stay" likawa ndani. Maneno matatu yameshikanishwa na vistari yafanye kazi ya kivumishi kimoja: "come-we-stay marriage", "come-we-stay couple".

Sikiza vile limejengwa. Mwingereza angesema "come and live with me". Hiyo "we" ya katikati ni yetu. Ni "njoo tukae", neno kwa neno. Mkamba wa hapa Machakos naye atakwambia "ũka twĩkale", muundo ni ule ule. Kwa hivyo mtu akikuchekelea eti hiyo ni broken, mwambie ni sarufi ya Kibantu imevaa Kiingereza.

Sasa rudi kwa hiyo "njoo". Mwenye kuisema ndiye ako na keja. Hapa Mlolongo stori ni moja: mtu anapata job EPZ ya Athi River, anakodi bedsita, anaita mwenzake. Risiti ya rent iko na jina moja. Meko, godoro na TV wamenunua wawili. Wakikosana, yule aliyeitwa ndiye anabeba mifuko.

Wengi hudhani baada ya miezi sita mnakuwa bibi na bwana automatic. Zii. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja ndoa tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ni kweli mahakama zinaweza kuchukulia waliokaa pamoja muda mrefu kuwa wameoana. Kuna uamuzi wa 1976 uliosema hivyo. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilikaza masharti: anayedai ndiye anathibitisha, na ushahidi uwe mzito. Katika kesi hiyo mama alikuwa bado na ndoa nyingine, so ndoa ilikataliwa. Hata hivyo alipata asilimia 70 ya mali, kwa sababu mchango wake ulionekana.

Hapo ndipo nasimama. Simwambii mtu ahame. Nasema kama ni "tukae" kweli, majina yawe mawili kwa risiti, na ukituma pesa ya godoro, weka ile meseji. Kwenu risiti inasoma jina la nani?