Kamandi ya Wanamaji (Tanzania)

Kamandi ya Wanamaji ni tawi la Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lenye jukumu la kulinda maji ya nchi dhidi ya maharamia, magaidi na magendo. Ilianzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa China. Makao makuu yako Kigamboni, Dar es Salaam.

Mwaka 2011 wanamaji walikamata maharamia wa Kisomali karibu na kisiwa cha Mafia.

Hatari haiko baharini tu. Ziwa Viktoria linagusa mikoa ya Mara, Mwanza, Geita na Kagera. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 220 walifariki. Siku mbili baadaye wazamiaji wa jeshi walimtoa fundi wa kivuko akiwa hai.