Masjala, Kitabu cha Ardhi na Kompyuta: Historia ya Ruhusa ya Kusoma na Kuandika

Mambo ya ruhusa katika kompyuta za ofisi zilizounganishwa kwa mtandao, yaani nani afungue kabrasha la pamoja, nani alisome tu na nani aweze kubadili yaliyomo, huelezwa kana kwamba yalizaliwa na mashine. Hata hivyo, makarani wa Afrika Mashariki waliyashughulikia kwa karatasi zamani. Katika serikali zilizorithi taratibu za Kiingereza palikuwa na masjala ya wazi na masjala ya siri. Kurasa za jalada zilitiwa namba ili usinyofolewe hata mmoja bila kujulikana, na daftari lilionyesha jalada liko mezani kwa nani. Karatasi ilikuwa na faida moja ambayo husahauliwa: jalada halikuweza kuwa mikononi mwa watu wawili kwa wakati mmoja.

Upande wa Kongo, ambako wasemaji wa Kiswahili husema biro na dosie kwa kukifuata Kifaransa, mfano ulio mzito zaidi ni kitabu cha ardhi. Mkulima wa Mpofi, penye Masisi na Walikale, alipata shamba kwa ukoo na kwa idhini ya wakuu wa jadi; ushahidi wake ni majirani. Sheria ya dola ilitazama kwingine. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 iliifanya ardhi iliyoitwa tupu kuwa mali ya dola, na mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyogawa maeneo kwa walowezi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola. Iliagiza pia cheti cha usajili kiandikwe nakala mbili: moja ibaki katika kitabu cha mhifadhi wa hati, nyingine apewe mwenye haki. Baada ya miaka 2 cheti hakipingiki tena. Kuhusu ardhi za jamii za wenyeji, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya Rais, na miongo ikapita bila amri hiyo.

Kwa lugha ya kompyuta, mhifadhi peke yake ndiye aliyekuwa na ruhusa ya kuandika. Ruhusa ya kusoma ilikuwa, kwa hakika, ya yule aliyejua Kifaransa, aliyekuwa na nauli ya kufika mjini na mtu wa kumpokea huko. Miaka 2 huisha upesi kwa asiyejua kwamba imeanza kuhesabiwa. Ndivyo malisho makubwa ya Masisi yalivyopata vyeti katika miaka ya 1970 na 1980, ilhali waliokuwa wakilima humo hawakuuona hata ukurasa. Mapigano yaliyoanza Ntoto, Walikale, Machi 1993 na kuenea Masisi yalikuwa na sababu nyingi. Ardhi ilikuwa mojawapo.

Wahandisi wa kompyuta nao walijifunza kwa makosa. Katika chuo cha MIT, Marekani, mfumo wa CTSS ulioonyeshwa mwaka 1961 uliwapa watu wengi mashine moja. Siku moja wasimamizi wawili walihariri katika kabrasha moja, huyu orodha ya maneno ya siri, yule tangazo la siku. Programu ilitumia jina lile lile la faili ya muda kwa wote wawili. Mafaili yakabadilishana, na kila aliyeingia akaonyeshwa maneno ya siri ya wenziwe. Unix ya miaka ya 1970 ikaleta mgawanyo wa mwenyewe, kundi na wengine. Windows NT ya mwaka 1993 ikaongeza orodha ya majina kwa kila kabrasha. Aliyekuja kwa mtandao alipimwa mara mbili, langoni na penye kabrasha lenyewe, na kipimo kikali zaidi ndicho kilichofuatwa.

Neno gumu hapo ni kundi. Mashine haijui kundi ni akina nani. Huandikiwa na msimamizi, na orodha hiyo nayo ni kitabu chenye mwandishi wake. Karani akihamishwa idara bila jina lake kufutwa, hubaki na funguo za alikotoka, kosa ambalo mtu aliyekaa mlangoni mwa masjala angeliona. Rejista ya ardhi ikiingizwa katika kompyuta, msimamizi hulazimika kuandika nani mwenyewe na nani wengine. Kwa shamba la Mpofi lisilo na cheti, sheria ya 1973 inamwelekeza aandike dola penye nafasi ya mwenyewe, na mkulima amweke miongoni mwa wengine.